Dakika 20 za Holloway Road

Ijumaa ya Machi 15, 1985, ukumbi wa chuo cha Polytechnic of North London, pale Holloway Road, ulijaa kupita kiasi, na nje ya milango bado palikuwa na umati uliokosa nafasi. Waliokuwa ndani walisubiri, wakasubiri tena. Bendi waliyoifuata ilipopanda jukwaani ilikuwa imechelewa sana. Ikapiga kwa muda usiofika hata dakika 20, haikusalimia, haikuaga, ikashuka. Chupa zikaruka. Vyombo vya bendi vikavamiwa, spika zikaangushwa na kuvunjwa, polisi wakaitwa.

Bendi hiyo ni The Jesus and Mary Chain, vijana wanne kutoka Scotland. Kwa miaka 40 sasa usiku ule umekuwa ukisimuliwa kama tendo la ushujaa, kana kwamba bila vioo vilivyovunjika bendi isingekuwa bendi. Mimi nawapenda watu hawa kwa moyo wote. Rekodi zao nimezisikiliza tangu ujana wangu, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Kwa jinsi ninavyokisoma, usiku wa Holloway Road ulikuwa ajali iliyoandaliwa kidogo kidogo na watu waliokuwa na nafasi ya kuizuia, na nusura uumeze muziki wenyewe.

Tuanzie kwao. East Kilbride ni mji uliopangwa na serikali mwaka 1947, kando ya Glasgow, ili kupunguza msongamano wa jiji lile. Nyumba mpya, barabara pana, viwanda. William Reid na mdogo wake Jim walikulia humo, na kwa karibu miaka mitano hawakuwa na kazi. Waliishi kwa posho ya serikali, mchana wamejifungia chumbani, usiku wakitunga nyimbo. Baba yao alifanya kazi kiwandani. Alipoachishwa, aliwapa wanawe pauni 300, nao wakanunua Portastudio, mashine ndogo ya kurekodia muziki nyumbani. Huwa narudi kwenye pauni hizo kila ninapowasikiliza. Mzee amepoteza kazi, Uingereza ya miaka ile haimwahidi nyingine, na bado anachomoa fedha awape vijana wawili wasio na kazi wakanunue mashine ya kurekodia kelele zao. Katika kisa kizima, huyo ndiye mtu aliyewekeza kwenye nyimbo zenyewe bila kudai kitu kingine.

Ndugu hawa walikuwa wapole na wenye haya. Kati yao hakuna aliyetamani kuimba mbele ya watu, na kazi hiyo ikamwangukia Jim. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu picha iliyouzwa magazetini ilikuwa ya wahuni wanaotafuta ugomvi.

Kanda yao ya majaribio ilizunguka Glasgow hadi ikamfikia kijana mwingine wa huko, Bobby Gillespie. Upande wa pili wa kanda ile palikuwa na nyimbo za Syd Barrett, mwanzilishi wa Pink Floyd, na hizo ndizo zilizofanya apewe. Aligeuza upande, akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa mtu yeyote, akampelekea rafiki yake Alan McGee aliyekuwa amehamia London. McGee alikuwa na lebo changa, Creation Records, na klabu ndogo iliyoitwa The Living Room. Juni 1984 akawaalika kupiga. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wakati wa kujaribu vyombo ndugu hao walikuwa wanagombana wao kwa wao, na hapo hapo akaamua kwamba amepata dhahabu.

Huo ndio mzizi wa tatizo ninalolizungumzia. McGee alisikia muziki na ugomvi kwa wakati mmoja, akavichukua vyote viwili kama bidhaa moja. Alikuwa akimhusudu Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, bendi ya punk (roki ya haraka na ya kiasi) ya Uingereza, mtu aliyeonyesha katika miaka ya 70 kwamba kashfa huuza rekodi. Akawa meneja wao, na kuanzia hapo kila chupa iliyorushwa jukwaani ilikuwa tangazo.

Lakini kabla ya kufika kwenye chupa, lazima nieleze sauti yenyewe, maana bila kuielewa mtu hawezi kuelewa kwa nini watu walipanga foleni.

Kila aliyewahi kukaa kwenye harusi anaujua mluzi wa maiki. MC anatembea na maiki yake hadi mbele ya spika, ghafla unasikia mlio mkali, wageni wanaziba masikio, na fundi mitambo anakimbilia meza yake kushusha sauti. Kinachotokea ni mzunguko. Sauti inatoka kwenye spika, maiki inaidaka, mtambo unaikuza, inatoka tena kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, inadakwa tena. Kwa gitaa la umeme ni vivyo hivyo, ila hapo nyuzi zenyewe zinatetemeshwa na spika, zinalia bila kuguswa. Mafundi wote duniani wamefundishwa kuuua mluzi huo. William Reid aliufuga. Alisimama karibu na spika ya gitaa lake kwa makusudi, akawa anapiga hatua moja mbele, moja pembeni, na kila hatua ilibadilisha mlio. Gillespie, ambaye alijiunga nao mwishoni mwa 1984, alipiga ngoma mbili tu, akiwa amesimama, bila matoazi. Douglas Hart alibakiza nyuzi mbili kwenye gitaa lake la besi kwa sababu hakuhitaji zaidi.

Halafu, chini ya ukuta huo wa kelele, palikuwa na nyimbo tamu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukiondoa mluzi, unabaki na nyimbo za mapenzi za dakika mbili au tatu, zenye viitikio vya kushikika, za aina iliyoimbwa na vikundi vya wasichana wa Marekani miaka ya 60 kama The Ronettes na The Shangri-Las. Jim anaimba taratibu, karibu ananong'ona. Sauti ya upole imezungukwa na msumeno. Mara ya kwanza kuwasikia nilidhani kaseti yangu imeharibika. Mara ya tatu nikawa natafuta ule wimbo uliofichwa ndani, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali usiku na kuisogeza swichi nywele kwa nywele.

Sasa, ndani ya studio mtu anaweza kupima: kelele kiasi hiki, sauti ya mwimbaji kiasi hiki. Ukumbini, kwa vyombo vya kukodi na wapigaji walevi, kipimo kinapotea. Anayesikia ni yule aliye mbele kabisa, na anachosikia ni msumeno peke yake. Ndiyo maana nawasamehe watu wengi waliotoka kwenye maonyesho yao ya mwanzo wakisema hawakusikia wimbo wowote. Haukufika kwao.

Wimbo wao wa kwanza ulitoka Novemba 1984 kupitia Creation, ukiwa ndani ya majalada yaliyokunjwa kwa mkono, na mapema 1985 ulishika namba moja kwenye chati ya muziki wa indie, yaani wa lebo ndogo zinazojitegemea. Desemba walipiga ICA, kituo cha sanaa cha katikati ya London, na watu wakawarushia chupa. Magazeti yakanusa habari. The Sun, gazeti la udaku lenye mamilioni ya wasomaji, likaandika kuhusu vurugu na madawa. Baadhi ya halmashauri za miji zikawapiga marufuku. Wakati huo huo kampuni kubwa ikawachukua: walisaini na Blanco y Negro, lebo iliyokuwa chini ya Warner. Kwa hiyo, ndani ya miezi minne hivi, bendi iliyokuwa haijapiga maonyesho mengi kiasi hicho ikawa inajulikana na watu ambao hawajawahi kusikia hata wimbo wao mmoja. Walichokijua ni kwamba wakienda watapata fujo.

Na Uingereza ya Machi 1985 haikuwa mahali pa kuchezea neno fujo. Mgomo wa wachimba makaa ya mawe, uliodumu mwaka mzima na kuwakutanisha wafanyakazi na polisi kwa virungu, ulikuwa umekwisha Machi 3, wachimbaji wakirudi kazini mikono mitupu. Machi 13, siku mbili tu kabla ya Holloway Road, mashabiki wa Millwall walivamia uwanja wa Luton kwenye mechi ya robo fainali ya Kombe la FA, wakang'oa viti na kuwarushia polisi. Picha zile zilikuwa kwenye kila runinga. Vijana waliopanga foleni chuoni Ijumaa ile walikuwa wameziona.

Nimefanya kazi nyuma ya meza ya mitambo kwenye kumbi za Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nikisoma habari za usiku kama ule, macho yangu huenda kwanza mlangoni. Mlango ndio unaoamua. Ukumbi ukishajazwa kupita uwezo wake, kila kosa dogo linakuwa kubwa: joto, kusukumana, njia ya chooni kuziba, mtu kukanyagwa mguu na kugeuka kwa hasira. Holloway Road walijaza ndani, wakafungia wengine nje, na baadaye walioachwa nje nao wakapata njia ya kuingia. Hapo tayari wale walinzi wachache hawana kazi tena.

Pili, saa. Muda wa kusubiri unahesabiwa tofauti na mtu aliyebanwa. Nakumbuka usiku mmoja, ukumbi siutaji, bendi ilichelewa kwa sababu ya malipo ambayo hayakuwa yamekamilika. Saa nne ya usiku watu walikuwa wanacheka na kuimba wenyewe. Saa tano walikuwa wanapiga mluzi. Saa tano na nusu ilikuja chupa ya kwanza ya soda, tupu, ikadunda kwenye ukingo wa jukwaa bila kuvunjika. Nilimwangalia aliyeirusha: hakuwa mlevi, alikuwa kijana nadhifu aliyevaa shati la kufunga vifungo hadi shingoni, na baada ya kurusha alionekana kushtuka mwenyewe. Kiongozi wa bendi alitoka mbio bila hata kusubiri vyombo vifungwe, akashika maiki, akasema, "Wazee wangu, tuwieni radhi, tunaanza sasa hivi." Sentensi moja. Chupa ya pili haikuja.

The Jesus and Mary Chain hawakuwa na sentensi hiyo. Kutosema na watu ilikuwa sehemu ya onyesho lao. Walivaa nguo nyeusi, nywele timutimu, wakawageuzia watazamaji mgongo, na kati ya wimbo na wimbo hapakuwa na neno, bali mluzi ule ule ukiendelea. Kwa mtu anayeujua undani wao, hiyo ilikuwa haya iliyotafutiwa vazi. Nimekwisha kusema Jim hakutaka kuimba mbele ya watu. Kumpa mtu kama huyo miwani myeusi na ruhusa ya kugeuka nyuma ni kumsaidia apande jukwaani. Lakini kijana aliyesubiri muda wote ule kwenye joto hawezi kuiona haya. Anaona dharau.

Halafu wakapiga kwa muda usiofika dakika 20. Hapa nawatetea kidogo. Nyimbo zao zilikuwa fupi kweli, na albamu yao iliyotoka baadaye mwaka huo ina nyimbo 14 ndani ya dakika zisizofika 40. Nusu ya albamu inaenea kwenye dakika 20 bila taabu. Shida ni kwamba hakuna aliyejua onyesho limekwisha. Kwa kawaida wimbo wa mwisho unajitambulisha: mwimbaji anashukuru, ngoma zinaongezwa, taa zinabadilika. Pale bendi ilitoka na gitaa likabaki linalia peke yake kwenye spika, kama ilivyokuwa ikilia tangu mwanzo. Watu walisubiri warudi. Walipoelewa kwamba hawarudi, ukumbi uliojazwa kupita kiasi, umesubirishwa, umenyimwa salamu na umeahidiwa fujo na magazeti, ulifanya kile ulichoahidiwa.

McGee hakupoteza muda. Alitoa taarifa akisema kwamba watu wale hawakuwa wakivunja ukumbi, walikuwa wakiuvunja muziki wa pop, na kwamba hiyo ni sanaa kama ugaidi. Maneno hayo yamenukuliwa tangu hapo katika kila makala kuhusu bendi hii. Yana mvuto, sikatai, na nadhani McGee aliyaamini alipoyasema. Lakini nikiyasoma nawafikiria watu wa mitambo. Spika zile hazikuwa muziki wa pop. Zilikuwa mali ya mtu, na kuna fundi aliyezipandisha ngazi mchana ule na kesho yake akarudi kuokota vipande. Sanaa inayompiga fundi na kumwacha tajiri wa lebo bila mkwaruzo haijavunja chochote kilichostahili kuvunjwa.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na hii ilivuma hadi Septemba. Maonyesho mengine ya mwaka huo, Brighton na kisha ukumbi wa Electric Ballroom, Camden, London, nayo yaliishia kwenye vurugu. Kufikia hapo sehemu ya watu waliokuja ilikuwa imekuja kupigana, bendi yoyote ile, na ndugu Reid waliokuwa wakirushiwa chupa ndio waliokuwa wa kwanza kuchoka. Maonyesho yalipungua. 

Studioni ndiko kisa kinakogeuka, na huko ndiko ningetaka watu waangalie zaidi. Mwaka huo huo wa 1985 waliingia Southern Studios, kaskazini mwa London, wakiwa na fundi John Loder, na wakarekodi albamu yao ya kwanza, Psychocandy, karibu yote wakiiongoza wenyewe. Loder alifanya kazi na bendi za punk zisizo na fedha na alijua kuwaacha wanamuziki wafanye wanachotaka. Kile kipimo kilichokuwa kikipotea ukumbini kilipatikana. Mluzi uko pale pale, mkali kama kawaida, ila safari hii umewekwa mahali pake, na sauti ya Jim inakufikia mzima mzima. Wimbo unaoifungua albamu unaanza na mdundo wa ngoma uliochukuliwa moja kwa moja kwa The Ronettes, taratibu, na kwa sekunde kadhaa mtu aliyewahi kusoma habari za Holloway Road angeapa kwamba ameletewa rekodi ya watu wengine.

Albamu ilitoka Novemba 1985, ikafika namba 31 tu kwenye chati ya Uingereza. Kimauzo si kitu cha kutisha. Lakini bendi nyingi za gitaa zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 80, My Bloody Valentine wakiwemo, zilijifunza humo kwamba kelele na utamu vinaweza kukaa nyumba moja. Hakuna aliyejifunza hilo kutokana na spika zilizovunjika.

Gillespie aliondoka mapema 1986 kwenda kuongoza bendi yake, Primal Scream. Mwaka huo huo McGee naye aliacha kuwa meneja wao. Miaka saba baadaye angeikuta bendi ya Oasis kwenye klabu ya Glasgow na kupata dhahabu kubwa zaidi. Ndugu Reid waliendelea, maonyesho yao yakawa marefu na tulivu zaidi, na waliowapenda kweli wakabaki.

Ugomvi wa wao kwa wao, ule ambao McGee aliuona kwenye klabu yake na kuufurahia, haukwenda popote. Septemba 12, 1998, kwenye ukumbi wa House of Blues, Los Angeles, Jim alipanda akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kusimama vizuri, na baada ya dakika kama 15 William aliweka gitaa na kutoka. Onyesho likaishia hapo. Watazamaji walirudishiwa fedha zao, hakuna kilichovunjwa isipokuwa bendi yenyewe, ambayo ilitangaza mwisho wake mwaka uliofuata. Muda wenyewe ulikaribiana na ule wa Holloway Road, lakini safari hii hapakuwa na meneja wa kuuita sanaa. Walikuwa ndugu wawili wa mama mmoja waliochoka kuonana, mbele ya watu waliolipa.

Walirudiana mwaka 2007. Mwaka 2014, Novemba, walipanga kuipiga Psychocandy yote, London, Manchester na Glasgow. Walianza kwa kupiga nyimbo za miaka mingine, zile ambazo bendi nyingine huzihifadhi kwa ajili ya mwisho. Kisha wakaanza albamu, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mpangilio ule ule wa mwaka 1985, hadi wa 14. William alisimama karibu na spika yake na mvi zake. Ule mluzi wa mwisho ulipozimwa, taa za ukumbi ziliwashwa na watu wakajua onyesho limekwisha.